Mtu Aliyechukia Visiki

Moniteri alichukia visiki. Tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la tano nimezunguka kwa treni na kwa miguu, nimebeba magunia Luena, nimesukuma baiskeli za makala, yaani makaa, njia ya Bukama, nimelala kwa watu wa kila aina. Nimeona watu wakichukia majirani, wakwe, mapadri, hata mvua. Sijaona mwingine anayechukia kitu kilichokaa kimya ardhini bila kumkosea mtu. Akikuta kisiki ndani ya shamba alisimama mbele yake, akakipiga teke kwa buti, akakitazama kama mtu aliyetukanwa hadharani. Halafu akamgeukia mwenye shamba.

"Hii nini?"

"Kisiki, Tata Moniteri."

"Naona iko kisiki. Nauliza, inafanya nini humu?"

Hakuna aliyewahi kumpa jibu likamridhisha. Siku moja mzee mmoja alimjibu, "Inapumzika, Tata," watu wakacheka, naye akaandika jina la yule mzee katika kijitabu chake. Kijitabu hicho kilikuwa na majina mengi. Sijui yalikuwa yanapelekwa wapi. Nadhani hayakupelekwa popote. Alikuwa anapenda tu kuandika watu.

Tulimwita Moniteri kwa sababu alitumwa kijijini kwetu kufundisha watu kulima. Kijiji chetu kiko njia ya Kabongo, mwendo wa nusu ya asubuhi kwa baiskeli kutoka Kamina, na kila mtu pale amekula kutoka kwenye jembe lake tangu alipoota meno. Walimleta yeye awafundishe. Alikuja na buti za mpira, mashati matatu yenye mifuko miwili miwili, na kamba ya nailoni ya buluu yenye mafundo. Mkewe alifuata baadaye na sufuria. Nitamtaja tena huyo mama, maana alikuwa na akili kuliko mumewe.

Ili umwelewe mtu huyu lazima ujue jinsi tunavyolima. Kwetu shamba halikai mahali pamoja. Kiangazi kikianza unachagua pori lililokomaa, unakata miti, unatawanya matawi yakauke, na kabla ya mvua za kwanza unachoma. Mwaka wa kwanza unapanda mahindi na maboga ndani ya majivu. Mwaka wa pili karanga. Halafu mihogo, na mihogo unaichimba kidogo kidogo mpaka udongo unapochoka na nyasi zinapokushinda. Hapo unaliacha shamba lilale, unahamia pengine. Litalala miaka kumi, kumi na miwili, litarudi kuwa pori, na siku moja wewe au mwanao atarudi na shoka.

Sasa jambo la visiki. Mti haukatwi chini. Unakatwa ukiwa umesimama wima, pale mkono na shoka vinapokutana bila kuinama, yaani kiunoni. Kisiki kinabaki hai. Shamba likiachwa, machipukizi yanatoka kwenye kisiki hichohicho na pori linarudi haraka, kwa sababu mizizi haikufa. Na kwa kuwa kila mtu ana kimo chake, kila shamba la zamani lina kimo chake. Wakubwa wanaopita porini wanatazama makovu ya shoka kwenye mashina na kusema, hapa alilima fulani, alikuwa mrefu. Hapa walilima ndugu wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Sikuamini mpaka nilipofundishwa kutazama. Baada ya hapo nilikuwa nasoma pori lote kama watu wengine wanavyosoma matangazo ukutani.

Aliyenifundisha ni Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, aliyenilea kwa kiasi nilichokubali kulelewa. Ni mfupi sana. Ukisimamisha gunia la makala karibu naye, wanalingana. Alikuwa na pori lake kando ya kijito, nyuma ya nyumba, alilolilima akiwa bado na nguvu na kuliacha lilale. Mashamba mengine yote yalikuwa mbali, na magoti yake yalikuwa yameanza kumtesa. Kila nikirudi kutoka safari zangu alinionyesha lile pori kwa kidevu, bila kunyoosha mkono, kama mtu anayeonyesha sanduku lake.

"Ile njo bukari yangu ya uzee," alisema, yaani ugali wake. "Ikishakomaa nitaifungua, nitalima pale karibu, nitakufa na chakula mu nyumba. Sitaenda kuomba ku mulango ya mutu."

Pori hilo ndilo Moniteri alilotaka kuja kulichukua. Nitafika huko. Lakini siwezi kulisimulia kabla ya kamba.

Kamba aliivaa shingoni. Aliivaa sokoni, aliivaa kwenye misa ya Jumapili juu ya shati lililopigwa pasi, na padri alipomuuliza kama amekuja kumfunga mtu, alijibu kwamba mwalimu haachi chaki yake. Mafundo yalionyesha umbali kati ya mbegu na mbegu. Aliifunga kwenye vijiti viwili, akaivuta mpaka ikalia, akawapanga wanawake nyuma yake, na kila fundo shimo moja. "Mustari," alisema, "mustari njo maendeleo." Alilisema hilo mpaka likawa wimbo wa watoto wa kurukia kamba. Mtu akienda msalani kwa haraka, wenzake walimwambia afuate mustari.

Mashamba yetu hayana mstari, ni kweli. Mahindi yanapandwa penye majivu mengi, maboga yanapanda juu ya matawi yasiyoungua vizuri, na kwenye kichuguu, ambako udongo ni mnene, mtu anapanda kile anachokipenda zaidi. Ukilitazama shamba kama hilo kutoka barabarani unaona fujo. Ukiingia ndani unaona kwamba kila kitu kimekaa pale kinapopataka. Moniteri hakuingia ndani. Alitazama kutoka barabarani, mikono kiunoni, akatikisa kichwa.

Nilimuuliza mara moja, kwa udadisi tu, maana mimi huuliza watu kila kitu, "Moniteri, kamba inajua penye majivu?"

"Vwayajeri," alisema. Hilo ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya kuzunguka kwangu, na hakulitoa kama sifa. "Weye uliachia masomo wapi?"

"Darasa ya tano."

"Njo pale ulipotea. Darasa ya sita banafundisha kunyamaza."

Lazima nikiri kwamba nilicheka.

Neno lake la pili lilikuwa kuhusu kupumzika. Hakuvumilia kusikia kwamba udongo umechoka. "Udongo haichokake!" alipiga kelele. "Bantu njo banachokaka. Udongo iko na mugongo? Iko na miguu?" Shamba lililolala aliliita uvivu wa mtu uliofichwa ndani ya majani. Alitaka kila mtu achague sehemu moja, ang'oe visiki vyote na mizizi yake, alime hapo mpaka afe, na wanawe walime hapohapo juu ya kaburi lake.

Na watu walifanya. Wakati huo palikuwa na mradi uliogawa mbegu na mbolea ya magunia, ile tunayoita angre, na Moniteri ndiye aliyeandika nani apate. Kwa hiyo watu wa familia tatu walimpa mashamba yao yaliyopakana pale barabarani, na kijiji kizima kikashinda kiangazi kizima kikichimba visiki. Nilikuwapo, nilichimba pia. Kung'oa kisiki cha mti uliokaa ardhini kuliko baba yako ni kazi ya kichaa. Unachimba shimo la kaburi, unakata mizizi minene kama paja, unavuta kwa mnyororo, kisiki kinakutazama tu. Kilipotoka kimoja Moniteri alikipigia makofi. Tulivirundika, vikawa mlima, vikachomwa makala, na yeye akasema hayo ndiyo makala ya kwanza ya heshima kutoka kijiji hiki. Hata misuku iling'olewa, miti ya matunda ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeikata.

Mwaka wa kwanza, mahindi yalisimama kama askari. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Wake za askari walitoka kambi ya Kamina, wale wanaokuja sokoni na lugha zao za nchi nzima, wakasimama barabarani kutazama. Moniteri alitembea katikati ya mistari, mikono nyuma, na alipigwa picha. Mwaka wa pili yalikuwa mazuri pia. Mwaka wa tatu mradi ulikwisha, angre ikaisha pamoja nao, na mahindi yakaja hadi magotini, ya manjano, na chini yake yakaota yale magugu yenye maua ya zambarau yanayokaba mizizi. Ni magugu mazuri. Ukiwa huna shamba pale unaweza kuyapenda. Mwaka wa nne familia zile tatu ziliondoka kimya kimya kwenda kukata pori mbali. Uwanja ukabaki.

Hapo ndipo kila mtu alipoona visiki vilikuwa vinafanya nini. Pori halikurudi. Hapakuwa na kitu cha kuchipuka. Ziliota nyasi tu, ndefu kuliko mtu, zikaungua, zikaota tena, zikaungua. Mpaka leo ukipita njia ya Kabongo unaliona, eneo pana lisilo na mti hata mmoja katikati ya miti, kama kichwa cha mgonjwa. Watu wanaliita Uwanja wa Moniteri. Yeye alilaumu mbegu. Baadaye alilaumu mvua. Mwishowe alilaumu majina yaliyomo katika kijitabu.

Moto ni habari nyingine. Alikataza kuchoma. Alisema moshi wetu unaonekana Kamina na unatia aibu. Sasa, kila mtu kwetu kabla ya Septemba anafagia njia pana kuzunguka nyumba na mashamba ili moto usivuke. Mama Mukubwa alimwendea kumwambia ghala la mbegu za mradi halijafagiliwa.

"Njia ya moto ya nini?" alisema Moniteri. "Moto imekatazwa."

"Na moto mwenyewe, umemwambia?"

"Mama, nikifagia nitakuwa nimekubali kama moto inaweza kuya. Minyi siwezi kukubali."

Hiyo ndiyo akili aliyokuwa nayo. Wawindaji wa panya waliwasha nyasi ng'ambo, upepo ukageuka saa ya mchana, na moto ulipita kando ya kila nyumba yenye njia iliyofagiliwa, ukaenda moja kwa moja kwenye ghala kama mgeni aliyeelekezwa. Ziliungua mbegu zote na meza. Moniteri alitoka na vitu viwili mikononi: kamba na kijitabu. Siku iliyofuata alitembea nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliyevunja katazo.

Nilisema nitamtaja mkewe. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mpole, mtu wa Kabongo, na hakuzungumza mbele ya mumewe. Msimu mmoja nilikuwa nafuata nyuki ng'ambo ya kijito, mbali na barabara, nikaingia kwenye shamba zuri ajabu. Majivu meusi bado. Maboga yamelala juu ya magogo. Mihogo, maharage, pilipili kwenye kichuguu. Na visiki, kila mahali visiki, vimesimama kiunoni kama watu kwenye misa. Katikati yake alikuwa mke wa Moniteri anapalilia. Kando, juu ya gogo, alikaa Moniteri mwenyewe, bila buti, bila kamba, anakula karanga mbichi.

Tulitazamana. Alimeza.

"Nilikuya kumuangalia mama," alisema.

"Shamba ya nani, Moniteri?"

"Ya mama. Banamuke ni banamuke. Unaweza kubaambia nini?"

Mkewe hakuinua kichwa, lakini niliona mabega yake yanacheka.

Kwa hiyo miaka yote ile, watu walipokula ahadi za mstari, yeye alikula bukari ya majivu. Na alikuwa mjuzi wa kuila. Akialikwa kwa mtu aliinusa kwanza, akasema, hii si ya shamba jipya, hii ni ya udongo wa zamani, haina utamu. Alisema hivyo kwa mdomo uleule.

Najua kuna watakaosema nimemwonea, kwamba mtu mzima hawezi kuwa upumbavu mtupu. Basi, kwa shingo upande: kuna siku mke wa jirani alishikwa na uchungu ukakwama, na ni Moniteri aliyempandisha kwenye baiskeli yake na kumsukuma mpaka Kamina, njia yote ya mchanga, bila kusimama, kisha akarudi kwa miguu kwa sababu aliiacha baiskeli kwa ndugu wa mgonjwa. Mtoto yupo, anakimbia. Na hakuiba. Mifuko yake miwili ya shati ilikuwa na kalamu tu. Na siku moja aliponiona nasoma karatasi iliyofungiwa mandazi alinipa daftari lake la shule ya kilimo, la zamani, lenye mwandiko mzuri, akasema, "Soma, Vwayajeri, usife mujinga."

Nilisoma lote, hata kurasa za kemia. Na katikati ya daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe wa ujana, nilikuta ukurasa juu ya udongo wa mchanga kama wetu. Ulisema upumzishwe miaka mingi. Ulisema visiki viachwe. Chini ya maneno hayo alikuwa amepiga mstari kwa rula, mara mbili.

Sikulala vizuri kwa hasira. Ningemsamehe asiyejua. Huyu alijua. Alijua kabla hajavaa zile buti. Nilipomrudishia daftari nilimfungulia ukurasa ule, nikaweka kidole juu ya mstari.

"Hii ilikuwa ya mutihani," alisema, akalifunga.

Sasa lile pori. Moniteri alipomaliza kazi yake ya serikali hakurudi kwao. Alisema atakuwa mkulima mkubwa, mwenye shamba lenye hati. Mtu angefikiri ataenda Uwanja wake, ardhi tayari, imenyooka, haina kisiki hata kimoja. Hakuugusa. Alizunguka kijiji chote na macho yake ya kitaalamu, yule aliyesema udongo hauchoki, akatafuta udongo uliopumzika vizuri kuliko wote. Akaupata kando ya kijito, nyuma ya nyumba ya Mama Mukubwa.

Mama Mukubwa aligundua alipoingia kutafuta uyoga. Kwenye mti wa kwanza palikuwa na rangi nyekundu. Kwenye wa kumi pia. Alirudi nyumbani bila uyoga, akaketi mlangoni, akanyoosha miguu.

"Bananipaka rangi," aliniambia. Hakusema wamepaka miti. "Nani anaweza kunipaka rangi mbele sijakufa?"

Ilikuwa Moniteri. Alikuwa ameenda mjini kuandikisha kwamba pori lile ni tupu, halina mtu, na ameomba papye yake, yaani hati. Watu wawili wa ofisi ya ardhi wangekuja kutazama kabla ya kupiga kashe, ule muhuri wao. Kwetu shamba lililolala ni la aliyelikata, kila mtu anajua, lakini haikuandikwa popote, na katika ofisi kitu kisichoandikwa ni kama hakikutokea. Moniteri alilijua hilo vizuri. Ndilo jambo pekee alilolijua vizuri.

Walikuja asubuhi, wawili, wenye viatu vya mjini. Alikuja mwenye ardhi, mzee wetu anayegawa mapori. Moniteri alikuja na shati lililopigwa pasi na kamba shingoni. Mama Mukubwa alikuja na fimbo, na kijiji kizima nyuma yake.

Moniteri alizungumza kwanza. "Bwana shefu, mnajionea. Hapa ni pori. Miaka kumi na moja hakuna jembe imeingia. Terre bure, udongo bila mwenyewe."

"Miaka kumi na moja?" aliuliza Mama Mukubwa.

"Kumi na moja, Mama. Nilihesabu."

"Ulihesabu kuanzia nini?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka kabla ya wengine kuelewa. Huwezi kuhesabu miaka ya pori tupu kama hukumbuki siku liliponyimwa jembe, na nani aliyelinyima.

"Hayo ni maneno," alisema Moniteri. "Minyi nataka papye."

"Sawa," alisema Mama Mukubwa. "Njooni, ninyi batu ba papye."

Aliwapeleka mpaka kwenye mti wa kwanza wenye rangi nyekundu. Ulikuwa mashina matatu yaliyopanda juu kutoka kisiki kimoja, na juu ya kisiki lilikuwapo kovu la shoka, jeusi, la zamani. Akasimama karibu nalo. Lilimfika kitovuni. Akaenda kwa wa pili, akasimama. Kitovuni. Wa tatu. Kijana mmoja wa ofisi, aliyekuwa ameanza kwa kutazama saa, alianza kutangulia mbele yake, akiinama, akifukua majani, akiweka kiganja juu ya kila kovu kisha kiganja kwenye paja lake mwenyewe, mti kwa mti, mpaka kijitoni. Makovu yote yalilingana.

"Tata Moniteri," alisema Mama Mukubwa, "simama hapa nawe."

"Sababu ya nini?"

"Simama tu."

Ni mrefu, Moniteri. Kovu lilimfika chini ya mfuko wa suruali. Watu walipiga kelele za furaha kama timu yetu imefunga.

"Kisiki haiko papye!" alisema Moniteri, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Haiko papye," alisema yule kijana wa ofisi, akipangusa mikono, "lakini papye ya kwako inasema hapa hakuna mutu. Na minyi nimegusa mutu ku miti arobaini."

Mwenye ardhi alijikohoza. "Moniteri, uko na uwanja yako kule barabarani. Enda ulime pale. Kule hakuna kisiki ya kukusumbua."

Hawakupiga kashe. Moniteri alirudi nyumbani akipita nyuma ya nyumba za watu, na kamba ameitia mfukoni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona bila kamba shingoni mahali penye watu.

Mimi niliondoka tena, kama kawaida yangu. Nilikaa Luena misimu miwili nikitengeneza baiskeli. Niliporudi kilikuwa kiangazi, na kabla sijafika nyumbani nilisikia shoka nyuma ya nyumba, upande wa kijito. Nikafurahi. Mama Mukubwa amefungua pori lake. Nikajua amepata kijana wa kumkatia, maana magoti yake hayangeweza.

Hakuwa kijana. Alikuwa Moniteri.

Amekonda. Mkewe alikuwa amefariki msimu uliopita, na shamba la majivu ng'ambo ya kijito lilikufa pamoja naye, maana mumewe hakujua hata limeishia wapi. Uwanjani alijaribu kulima akashindwa na nyasi. Mwishowe alikwenda kwa Mama Mukubwa na kuku mmoja chini ya kwapa, kama desturi inavyotaka kwa mtu anayeomba mahali pa kulima, akasimama uani mpaka alipoambiwa aketi. Mama Mukubwa alimpa kona ya juu ya pori, kwa sharti kwamba amkatie yeye kwanza. Kamba ya buluu sasa ilikuwa mkanda wa suruali yake.

"Vwayajeri," alisema. "Umechoka kuzunguka?"

"Bado. Weye umeanza kukata miti?"

"Ninasaidia mama."

Nilimtazama akifanya kazi. Kuna kitu hakikukaa sawa, na ilichukua muda kukiona. Alikuwa anainama. Mtu mrefu vile, mzee, anakunja magoti na mgongo ili apige mti chini kabisa ya kiuno chake, pigo baada ya pigo, anahema. Nikafikiri ni ile chuki yake ya zamani, kwamba anataka visiki viwe vidogo. Lakini angetaka hivyo angekata kwenye udongo. Hakukata kwenye udongo. Nikapita kati ya visiki vibichi vilivyokuwa vinatoa maji, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa sawa.

"Mugongo haikuume?"

"Inauma."

"Basi kata juu, pale mukono inafika."

Alisimama, akaegemea mpini, akatazama kijiji, akatazama barabara kule mbali inayopita kando ya Uwanja wake. "Enda kumusalimia mama yako," alisema. "Alikuwa anakuuliza."

Mama Mukubwa alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Nilimsalimu, nikaketi, nikamweleza nilichoona, nikamuuliza kama ni yeye aliyemwagiza mzee wa watu kukata vile.

"Minyi? Sikumuambia kitu."

"Sasa anainamia nini?"

Aliacha kisu. "Haukuelewa? Weye unayesoma mpaka karatasi za mandazi? Ataona haya. Hataki miaka ijayo mutu apite aone kimo yake, aseme, kumbe Moniteri pia alilima mu visiki. Njo anakata kwa kimo yangu, bantu baseme ni minyi."

"Kwenye sehemu yako, sawa. Na ile kona uliyompa?"

"Na kule. Nilienda kuangalia na fimbo yangu. Yote, mpaka muti ya mwisho, iko hapa." Aliweka mkono juu ya kitovu chake. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Mwaka ule alitaka kunifuta na rangi. Sasa ananiandika, muti kwa muti, tena mu kona yake mwenyewe. Kesho akisema iko yake, atasimama karibu ya kisiki gani?"

Shoka liliendelea nyuma ya nyumba, polepole, chini chini. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kimejaa, akanipa mikononi.

"Mupelekee," alisema. "Mugongo yake ishike mpaka amalize."